Mashine ya kumpigia kipa mashuti: kurusha ni rahisi, kazi iko kwenye kurudia

Ukikaa pembeni ya uwanja kuangalia mazoezi ya makipa utaona anayechoka wa kwanza mara nyingi ni kocha. Yeye ndo anapiga mashuti, anapiga krosi, anarusha kwa mkono, anafuata mpira uliokwenda kule vichakani, na akifika seti ya tatu mguu umeshakuwa mzito na mpira hauendi pale anapotaka. Sasa kipa kakosea kuruka kwenye krosi ya nguzo ya mbali, anataka ile ile tena, urefu ule ule na spidi ile ile, ajirekebishe akiwa bado anakumbuka miguu yake ilikuwa wapi. Kocha hawezi kuirudia, hata awe na mguu wa namna gani, na hapo ndo watu wanaanza kuulizia mashine.

Swali la kwanza linakuwaga "inapiga spidi ngapi?" Naelewa kwanini, spidi inavutia, ila spidi ndo sehemu nyepesi kuliko zote. Mtu yeyote mwenye mota mbili na matairi mawili ya toroli anaweza kurusha mpira ukavuka ukuta wa shule. Kinachotofautisha mashine ya mazoezi na kitu cha kutishia watoto ni kwamba mpira wa kumi uende pale pale ulipoenda wa kwanza, na karibu kila uamuzi nitakaoueleza hapa chini, kuanzia uzito wa tairi mpaka upepo wa mpira, unarudi kwenye hilo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1897 pale Princeton, Marekani, mwalimu wa hisabati aliyeitwa Charles Howard Hinton alitengeneza mtambo wa kurusha mipira ya besiboli kwa baruti, yani bunduki kabisa, na timu ya chuo ikaufanyia mazoezi. Spidi ilikuwa inabadilishika na mpira aliweza kuukata upinde, ila wapigaji walikuwa wanauogopa, na we fikiria mwenyewe kusimama mbele ya kitu cha baruti. Mwishoni mwa miaka ya 1920 René Lacoste, bingwa wa tenisi wa Ufaransa, naye akabuni mashine ya kumrushia mipira ili afanye mazoezi bila kumsubiri mtu. Tangu hapo njia zimekuwa tatu: mkono wenye springi unaofyatuka kama manati, hewa iliyobanwa kwenye tanki, na magurudumu mawili yanayozunguka kuelekeana. Kwa mpira wa miguu magurudumu ndo yanatawala na sababu yake ni nzuri, tutaifikia.

Umeshaona mashine ya juisi ya miwa barabarani? Roli mbili zinazunguka, muwa ukigusa tu unanyakuliwa unapita katikati. Hii ni hivyo hivyo, ila roli ni matairi ya upepo na yanazunguka kwa kasi sana. Mpira namba 5 una mzingo wa sentimita 68 hadi 70, kwa hiyo kipenyo chake ni kama sentimita 22. Nafasi kati ya matairi unaiacha ndogo kuliko hapo, tuseme sentimita 18, mpira ukiingia unabanwa sentimita mbili kila upande, unashikwa, unavutwa, unatoka upande wa pili ukiwa na spidi inayokaribia ile ya ngozi ya tairi.

Twende kwenye hesabu, sio nyingi, maana bila hesabu utanunua mota isiyofaa. Tuseme unataka mpira utoke kwa mita 25 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 90 kwa saa, shuti la mtu mzima kabisa. Tairi la kipenyo cha sentimita 30 likizungusha ngozi yake kwa spidi hiyo linafanya mizunguko kama 1,600 kwa dakika. Mpira una uzito wa gramu 410 hadi 450, chukua 430, nishati ya mpira ukitoka ni kama jouli 134. Namba hiyo yenyewe haishtui. Kinachoshtua ni muda, maana ukipiga jiometri ya tairi na mpira utakuta vinagusana kwa urefu wa kama sentimita 20 tu, na mpira unatoka karibu sifuri mpaka mita 25 kwa sekunde ndani ya milisekunde 16 hivi. Jouli 134 ndani ya milisekunde 16 ni zaidi ya wati 8,000, yani hosipawa 11. Mota ya hosipawa 11 hutaibeba kwenda uwanjani, na betri ya kuilisha ndo usiseme.

Hapo ndo utaelewa kwanini magurudumu yameshinda. Tairi zito linalozunguka ni ghala. Mota ndogo ya wati 250, zile za skuta za umeme za volti 24, inajaza ghala polepole wakati kocha anapanga mpira unaofuata, halafu mpira ukipita tairi linatoa mzigo wote kwa mpigo. Tairi lenye kilo mbili na nusu nyingi zikiwa pembeni, likizunguka 1,600, linabeba kama jouli 780, mawili yanakuwa na zaidi ya 1,500. Mpira unachota 134 pamoja na zile zinazopotea kwa msuguano na kubanwa, matairi yanapungua spidi asilimia tano au hata kumi, halafu mota inaanza kurudisha.

Na hapa ndo mashine nyingi za kujitengenezea zinaharibikia. Kocha anaona inapiga vizuri, anaanza kulisha mipira harakaharaka, mpira wa kwanza unagonga mtambaa panya, wa pili unashuka kifuani, wa tatu unadunda kabla ya kufika, na watu wanaanza kulaumu pembe, wanakaza bolti, wanageuza fremu, wakati shida ni kwamba tairi halijapewa muda wa kurudi kwenye spidi yake. Angalia hesabu: mpira ukipigwa sambamba na ardhi kwa mita 25 kwa sekunde, ukienda mita 20 unakuwa umeshuka kama mita 3.1 ukiacha hewa pembeni. Kwa mita 24 kwa sekunde unashuka 3.4. Tofauti ya spidi ya asilimia nne tu, ambayo kwa macho huioni, imekuwa sentimita 27 kwenye mikono ya kipa. Hizo sentimita 27 ndo tofauti ya kudaka na kupangua.

Mota za DC, yani hizi za umeme wa betri, zina tabia moja ambayo wauzaji hawaisemi, kwamba ikikaribia spidi yake ya juu kabisa nguvu ya kusukuma inaisha. Kwa hiyo ukipanga puli ili 1,600 iwe ndo mwisho wa uwezo wake, zile asilimia chache za mwisho itazirudisha kwa kujikokota. Panga ili mwisho wake uwe kama 2,200 halafu kontrola, kile kifaa cha kuongoza umeme wa mota, uifunge isivuke 1,600 na kitu, hapo mota inakuwa bado na pumzi ya kurudi haraka. Ukiweza weka kontrola inayosoma mizunguko ya tairi na kuongeza umeme yenyewe, sio ile ya kugeuza kitufe tu, maana kitufe kinalinda umeme na hakijui tairi linafanya nini. Na betri ikishuka chaji, mashine ya kitufe inashuka nayo taratibu, mazoezi yakiisha kipa amedaka mipira tofauti kabisa na aliyoanza nayo.

Mota ya kawaida ya umeme wa nyumbani nayo inawezekana. Kwa umeme wetu wa 50 hertz mota ya poli nne, yani ncha nne za sumaku ndani, inazunguka kama 1,420 kwa dakika, ukiifunga moja kwa moja kwenye tairi la sentimita 30 unapata kama kilomita 80 kwa saa, na spidi yake haiyumbi sana. Ubaya ni kwamba hiyo spidi ndo hiyo hiyo, kubadilisha mpaka uanze kubadili puli, na unavuta waya wa umeme kwenye majani yenye umande. Kwa uwanja mimi nachagua betri.

Sasa tuje kwenye kushika, maana tairi linaweza kuwa na spidi yote na mpira ukateleza. Kuufikisha mpira mita 25 kwa sekunde ndani ya sentimita 20 kunataka nguvu ya wastani wa kama nyutoni 670, karibu na uzito wa mtu wa kilo 68, na yote inapita kwenye viraka viwili pale tairi linapogusana na mpira. Nguvu hiyo inategemea vitu viwili, jinsi mpira ulivyobanwa na jinsi raba inavyong'ang'ania. Ukiacha nafasi kubwa mpira unateleza na kutoka dhaifu, ukibana mno unaula mpira wenyewe, unachubua ngozi na mota zinalia. Umande au mvua vikiingia mshiko unashuka, na kibaya zaidi unashuka bila mpangilio, tairi la kushoto linateleza la kulia linashika, mpira unakwenda kwa jirani. Taulo kavu kando ya mashine ni kifaa cha kazi kama spana.

Upepo wa mpira watu wanaupuuza kabisa. Sheria za mpira zinaruhusu presha kuanzia atmosfia 0.6 hadi 1.1, ambayo ni tofauti kubwa sana, mpira wa 0.6 na wa 1.1 ukiipa mashine moja ni kama umeipa mipira ya aina mbili. Na jua linaongeza lake: mpira uliojazwa 0.8 asubuhi kukiwa na nyuzi 25, ukilala kwenye jua ukafika nyuzi 45, geji itasoma karibu 0.9 na zaidi bila mtu kugusa pampu. Kwa hiyo mipira yote ya mashine iwe ya aina moja, umri mmoja, ijazwe kwa geji, ikae kivulini kwenye gunia. Ukichanganya mpya na ile iliyopauka hutapata kundi, yani mipira kugonga karibu karibu sehemu moja, hata ufanye nini.

Namna ya kuingiza mpira nayo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mtu akiusukuma kwa mkono kila mara anausukuma tofauti, mara juu kidogo, mara pembeni kidogo, na vile vidole vinakuwa karibu na matairi, hiyo peke yake inatosha kukataza. Tengeneza reli ya mabomba mawili au matatu yenye mteremko, mpira uteremke kutoka sentimita 30 juu, utaingia kwa karibu mita 2 kwa sekunde kila mara na katikati kila mara. Weka kigeti kidogo cha kuushikilia, kocha avute kamba. Mafundi wa kuchomelea wanaweza kukutengenezea reli hiyo kwa nusu siku, wapelekee mpira wenyewe waupimie pale pale, usiwape vipimo vya kichwani.

Halafu kuna kukata mpira, na hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Matairi yakiwa na spidi sawa mpira unatoka bila kuzunguka. Yakitofautiana, mpira unasafiri kwa wastani wa spidi zote mbili na unazunguka kulingana na tofauti yao. Tairi la kulia likienda mita 30.5 kwa sekunde na la kushoto 19.5, mpira unakwenda 25 na unazunguka kama mara nane kwa sekunde, ambayo ni frikiki ya mtu anayejua. Hewa inasukumwa upande mmoja, mpira unasukumwa upande wa pili, jambo ambalo Mjerumani Heinrich Gustav Magnus alilichunguza tangu 1852. Tairi la kulia likiwa na kasi zaidi mpira unapinda kushoto, na kwa mzunguko huo, hesabu inatoa kuhama kwa mita mbili na ushee mpaka unafika mita 20. Ile frikiki ya Roberto Carlos dhidi ya Ufaransa pale Lyon tarehe 3 Juni 1997, kama mita 35 kutoka golini, kipa wao Barthez akabaki amesimama, ilipinda kwenda huko huko kushoto. Matairi yakiwa kulia na kushoto unapata kupinda pembeni, ukikizungusha kichwa cha mashine yakawa juu na chini unapata mpira unaozama au unaoelea, kwa hiyo kichwa kiwe kinazunguka na kufungwa kwa bolti kwenye pembe unazotaka.

Kitu kinachowashangaza wengi: ukiweka matairi sawa kabisa ukidhani ndo utapata mpira ulionyooka zaidi, unapata mpira unaoyumba. Mpira usiozunguka hewa inaushika vibaya kwenye mishono, unacheza kushoto kulia bila taarifa, kama zile frikiki ambazo kipa anaonekana kachanganyikiwa. Hiyo ni silaha nzuri ya mazoezi ila ukiwa unapima uthabiti itakupa majibu ya uongo. Wakati wa kupima acha tofauti ndogo, mpira uzunguke mara mbili au tatu kwa sekunde, utatulia. Na valvu ikae upande ule ule kila unapoweka mpira kwenye reli. Kwenye kriketi na besiboli shida ya mshono ni kubwa mpaka mashine nyingi zinatumia mipira maalum yenye vishimo vishimo badala ya mshono.

Kabla ya kupima chochote kuna usalama, na hapa naomba usiruke aya. Matairi ya toroli hayakutengenezwa kuzunguka 1,600. Kwa spidi hiyo kila kitu kilichoko pembeni ya tairi kinavutwa nje kwa nguvu zaidi ya mara 400 ya uzito wake, kipande cha gramu 10 kinavuta kama kilo 4, na kinafanya hivyo mara 26 kwa sekunde, ndo maana fremu inatetemeka na nati zinafunguka zenyewe. Kwa hiyo tafuta tairi na rimu vinavyojulikana kuvumilia spidi hiyo, rimu zile za vipande viwili vya bati vilivyobanwa kwa bolti usiziguse, badilisha beringi, sawazisha tairi kwa kubandika vipande vya risasi upande mwepesi mpaka likizungushwa kwa mkono lisimame popote, sio kila mara upande ule ule. Mara ya kwanza kuwasha zungusha bila mpira, watu wote wakiwa nyuma ya ukuta au mifuko ya mchanga, swichi iwe mwisho wa waya mrefu, uiache izunguke kwa spidi ya juu kuliko utakayotumia. Hakuna mtu anayesimama kwenye mstari wa tairi, sio mbele tu, hata juu na nyuma. Baada ya hapo kava la chuma, lote, libakize tundu la mpira kuingia na kutoka. Na swichi nyekundu kubwa ya kuzimia pale ambapo mkono wa kocha unafika bila kuangalia.

Kitu kingine, mashine inarudi nyuma. Mpira unatoka na msukumo ambao mashine ya kilo 40 iliyo juu ya viroli bila breki inasogea, sio sana, ila kila mpira unaihamisha kidogo, na nyuzi moja tu ya pembe ikihama ni sentimita 19 kwenye mita 11 na zaidi ya nusu mita kwenye mita 30. Pigilia vigingi au weka mifuko ya mchanga juu ya miguu yake.

Haya, kupima. Spidi unaipata kwa simu, kama simu yako inarekodi slomo ya fremu 240 kwa sekunde. Simika nguzo mbili zikiwa mita 3 moja kutoka nyingine sambamba na njia ya mpira, simu ikae pembeni mbali kiasi, hesabu fremu kutoka nguzo ya kwanza mpaka ya pili. Kwa mita 25 kwa sekunde utahesabu kama 29, ukikosea fremu moja umekosea asilimia tatu au nne, inatosha kuanzia. Kwa video ya kawaida ya fremu 30 hesabu hiyo hiyo inakuwa fremu tatu na nusu, haina maana. Kama simu haina slomo rekodi sauti, mlio wa mpira ukitoka na mlio ukigonga ubao mita 10 mbele, uangalie kwenye programu ya kukata sauti. Ila jua kwamba hapo unapata wastani wa njiani, hewa inaupunguza mpira mita 2 hadi 3 kwa sekunde ndani ya umbali huo, na sauti ya ubao nayo inachelewa kukufikia kwa karibu milisekunde 30. Spidi ya matairi pima pembeni kwa kile kipima mizunguko cha laser na kipande cha karatasi inayong'aa. Ukikuta ngozi ya tairi inakwenda 25 na mpira unatoka 20 umeshajua mpira unateleza, rudi kwenye nafasi na presha.

Halafu kundi. Tundika turubai golini, chora mistari kila sentimita 20, weka mashine mita 11, piga mipira michache ya kupasha ambayo huihesabu maana raba ikiwa ya baridi inashika tofauti, halafu piga 20 kwa mpangilio mmoja na muda mmoja kati ya mpira na mpira, mtu awe anaandika kila ulipogonga. Usirekebishe kitu katikati, hata ukiona mmoja umekwenda kombo, acha, uandike. Ukimaliza tafuta kati ya kundi na uone mipira imetawanyika kiasi gani kwenda juu na chini, na kiasi gani kwenda pembeni, kwa sababu hivyo viwili vinasema vitu tofauti. Ikitawanyika juu na chini mara nyingi ni spidi, yani muda wa kurudi, betri, upepo wa mpira. Ikitawanyika pembeni angalia reli, tairi moja kuteleza, fremu kuhama. Ikiwa imebanana vizuri ila sehemu isiyo sahihi, huo hata sio ugonjwa, geuza kichwa tu. Mashine yenye kundi dogo mahali pabaya ni nzuri kuliko yenye wastani mzuri na mipira imesambaa goli zima.

Ukishapata hilo kundi ndo unaanza kubadilisha, kitu kimoja kwa wakati. Sekunde 10 kati ya mpira na mpira, halafu 7, halafu 5, mpaka uone kundi linaanza kurefuka kwenda chini. Pale kabla halijarefuka ndo kasi ya kulisha ya mashine yako, iandike kwa rangi kwenye kava ili yeyote atakayeitumia asiivuke. Fanya hivyo hivyo kwa presha, kwa nafasi ya matairi, kwa mpira wenye unyevu. Inachosha, ndiyo, lakini ni bora ichoshe fundi kuliko impotezee kipa mwezi mzima.

Na kuna jambo ambalo hesabu zote hizi hazigusi. Shuti la mita 25 kwa sekunde kutoka mita 11 linafika ndani ya nusu sekunde, kidogo hata chini ya hapo, na binadamu anatumia kama sehemu moja ya tano ya sekunde kabla mwili haujaanza hata kujibu. Kipa mzuri anaishi kwa kusoma kabla: anavyokimbia mpigaji, mguu wa kusimamia umeelekea wapi, kiuno kimefunguka au kimefunga. Mashine haina kiuno. Kwenye kriketi watafiti wameshapima hili, wapigaji wanapanga miguu na muda wao tofauti wakikabili mashine kuliko wakikabili mtu, kwa sababu mkono wa kusoma haupo. Kwa kipa hatari ni kwamba atajifunza kusoma kitu kingine kabisa, ule mkono wa kocha unaovuta kamba, au mlio wa mpira ukiteremka kwenye reli, na siku ya mechi hakuna reli.

Kwa hiyo mimi penalti sizifanyii mashine, nasema hili waziwazi. Penalti ni mtu na mtu. Mashine nzuri sana kwa krosi, hapo haina mpinzani, kipa anarudia hatua zake mara nyingi dhidi ya mpira ule ule mpaka miguu ijue yenyewe, halafu unaongeza mabeki na washambuliaji wamsumbue mpira ukiwa bado haubadiliki. Nzuri kwa kudaka mpira wa juu, kwa kupangua kwenda pembeni na sio katikati, kwa mpira unaozama mbele ya magoti. Kwa mashuti ya karibu ficha reli kwa turubai, kamba ivutwe na mtu ambaye kipa hamuoni, na ukiweza mweke mchezaji akimbie afanye kama anapiga pale mbele ya tundu, pembeni ya njia ya mpira, kamba ivutwe kwa hatua yake ya mwisho. Watoto shusha spidi: mita 15 kwa sekunde ina nishati kama ya jouli 48, karibu theluthi ya ile ya 25, na bado kwa mtoto wa miaka 12 ni shuti zito. Ukitumia mpira namba 4 nafasi ya matairi ibadilishwe, vinginevyo hautashikwa vizuri.

Mwisho tengeneza kadi, ngumu, ya kufunika na plastiki, ifungwe kwenye fremu: aina ya mpira, presha, spidi ya tairi la kulia, la kushoto, pembe, umbali, na mpira ulifikia wapi. Krosi ya nguzo ya mbali ina mstari wake, frikiki ya kupinda ina wake. Ila kadi ni ya mahali. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo mpira haupunguzwi spidi sana njiani lakini pia haupindi sana, na ile frikiki uliyoipanga Dar ipinde iingie kona ya juu, ukiipiga Nairobi kwa namba zile zile inatoka nje. Ukihama na mashine tundika turubai kwanza, piga 20 za kupima, uandike kadi mpya, ndo umuite kipa.